Safari ya Mikese: Nilikwenda Kuuliza kwa Nini Sweta Zilijikunja

Msomaji mpenzi, labda umekwisha kupita Mikese mara nyingi, wala hukujua kuwa umepita. Ukitoka Morogoro kwenda Dar es Salaam kwa barabara kuu, ni mwendo wa kilometa 30 hivi. Utaona nyumba za bati kandokando ya njia, watu wachache wamekaa kivulini, na kabla hujauliza jina la mahali, basi limekwisha kupita. Mimi mwenyewe nimepita hapo tangu siku zile nilipokuwa chuo cha ualimu, wala sikupata kushuka hata siku moja. Mwaka huu nimeshuka. Nataka kukusimulia kwa nini nilishuka na nilirudi na nini, maana naamini nyumbani kwako iko cherehani, au yuko binti anayetaka kujifunza cherehani, au walau mtoto avaaye sweta ya shule.

KOSA LA KARANI

Mimi ni karani wa parokia huku milimani Uluguru. Kazi yangu ni kuandika vitabu, kutunza hesabu, na kusimamia manunuzi ya shule yetu ndogo ya chekechea. Mwaka jana wazazi walipatana kuwa watoto wavae sweta, kwa sababu asubuhi za huku kwetu ni za ukungu na baridi. Tulinunua sweta 40 mjini, kila moja shilingi 10,000. Ikabaki kudarizi nembo kifuani: mlima, jua, na herufi tatu chini yake. Kazi hiyo tulimpa binti mmoja wa kigango chetu. Mama yake alipofariki alimwachia cherehani ya miguu, nayo ndiyo shamba lake na ng'ombe wake.

Binti aliniletea karatasi ya makadirio. Iliandikwa vizuri: uzi wa rangi tatu, sindano, ujira shilingi 1,500 kwa kila sweta. Mstari wa mwisho ulisema: kitambaa cha kuweka chini, mita 3, shilingi 7,500.

Nikamwuliza, "Kitambaa hiki kitaonekana?"

Akajibu, "Hapana, baba karani. Kinakaa ndani, nyuma ya nembo."

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaufuta mstari ule. Nilijiona mtunzaji hodari wa fedha za wazazi. Nikamwambia atumie karatasi tu, na magazeti ya zamani yalikuwa tele ofisini. Binti hakubisha. Kwetu binti wa miaka 20 habishani na karani.

Sweta zilipotoka zilipendeza machoni. Lakini zilipofuliwa mara ya kwanza, loo! Nembo zilijikunja kama uyoga uliokaushwa juani. Jua lilikuwa limekaa upande, mlima umekuwa shimo. Gazeti lililokuwa nyuma lililowa likawa madonge, na wino wake ukaacha madoa kwenye mashati meupe ya watoto. Wazazi wakanung'unika. Walisema binti hajui kazi. Mama mmoja aliyekuwa amempa mashuka ya arusi ayadarizi, akaenda kuyachukua kabla hayajaguswa. Mwingine akasema hadharani kwamba arudishe fedha, hata kama ni kwa kuuza cherehani.

Nami nilikaa kimya. Nakuambia wewe msomaji, kwa maana nilikwisha kuwaambia na wao: nilikaa kimya siku tisa, nikijua ni nani aliyeshika kalamu nyekundu.

Siku ya kumi nilimsikia dereva mmoja akisema kuwa huko Mikese yuko bibi mzee ambaye amedarizi tangu ujana wake. Nikafunga sweta mbili katika mfuko, nikaomba ruhusa, nikaondoka.

NJIA YA NGUO

Nilishuka mlimani kwa pikipiki kabla ya jua, nikapanda basi Morogoro. Ukielekea mashariki, milima ya Uluguru inakuwa mkono wako wa kulia. Kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita meta 2,600, na mara nyingi kimevaa wingu. Huko juu ndiko unakotoka mto Ruvu, ambao maji yake yananywewa na watu wa Dar es Salaam. Kwa hiyo mvua inyeshayo juu ya paa letu hufika mjini mbele yetu. Ukipita Kingolwira nchi inakuwa tambarare na joto, na ule ukungu wa kwetu unauona kama ndoto.

Mikese ni mahali padogo, lakini pana historia. Katika mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapo na msafara wake, akienda kumtafuta Livingstone. Katika kitabu chake ameitaja Mikese kabla ya kufika Simbamwenni, mji wenye boma uliokuwa karibu na Morogoro ya leo. Je, wapagazi wake walichukua nini vichwani? Sehemu kubwa ilikuwa nguo! Siku hizo nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani: kaniki, nguo za rangi, na zaidi ya zote merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, ambao walifanya mkataba na Sultani Sayyid Said mwaka 1833. Mtu alihesabu kwa shuka na doti, akanunua mtama na kuku kwa mikono ya nguo. Weka neno hilo merikani akilini mwako, maana tutalirudia.

Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, nayo ikapita Mikese. Mwishoni mwa mwaka 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, mizigo ya jeshi la Waingereza ilishushwa katika stesheni hiyo, kisha ikachukuliwa kusini kwa malori na kwa vichwa vya wapagazi mpaka upande wa mto Mgeta. Wengi katika wapagazi hao hawakurudi makwao. Leo iko pia reli mpya ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Ndiyo desturi ya Mikese: mizigo ya wengine hupita, nayo inabaki.

BIBI MDARIZI

Nilielekezwa nyumba yenye mwembe mkubwa. Nikapiga hodi. Bibi mmoja aliyejitanda kanga alikuwa amekaa barazani mbele ya cherehani nyeusi ya zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, kaa. Umetoka mbali, viatu vyako vina udongo mwekundu."

Nilipewa maji, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua na za muhogo. Ndipo nikatoa sweta. Hakuuliza kitu. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole nyuma ya nembo, akakuta kipande cha gazeti kilichokaukia katikati ya nyuzi. Akasoma herufi mbili tatu, akacheka.

"Nani amemfunza fundi huyu kudarizi juu ya habari?"

Nikamwambia, "Ni mimi, bibi. Fundi aliomba kitambaa, nami nikakifuta."

Akanitazama kidogo, akaiweka sweta gotini. "Nyumba yako huko mlimani imejengwa kwa nini?"

"Miti na udongo, bibi. Mbele tumeweka matofali."

"Basi unajua. Mtu hakandiki udongo hewani. Husimamisha miti, akafunga fito, ndipo akakandika. Ukikandika bila fito, siku ya kwanza ukuta unapendeza, siku ya mvua unauona chini. Sweta hii imekandikwa bila fito."

Halafu akanieleza sababu, nami nakueleza wewe kama nilivyoelewa. Kila mara sindano inaposhuka na kupanda, uzi wa juu na uzi wa chini hukutana na kukazana, na kila mshono huvuta kitambaa kidogo sana. Mshono mmoja si kitu. Lakini nembo ndogo kama kiganja ina mishono elfu kadhaa, na kila mmoja unavuta kuelekea kwake. Kitambaa kisicho na kitu cha kukishikilia hukubali kuvutwa, kikajikunja. Zaidi sana kitambaa kilichofumwa kwa vitanzi, kama sweta na fulana, ambacho hunyumbuka hata ukikivuta kwa vidole viwili. Ndiyo maana mafundi huweka kitu chini yake kinachokataa kunyumbuka.

Kitu hicho kina majina mengi. Chenye gundi ya kushikishwa kwa pasi, mafundi wengi hukiita gamu. Wengine hutaja jina la biashara, wakasema Vilene. Mimi katika habari hii nitakiita egemeo, kwa maana kitambaa hukiegemea kama mzee aegemeavyo fimbo.

EGEMEO LIPI KWA NGUO IPI?

Bibi aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti. Alipoufungua niliona vipande vya kila namna, akavipanga mkekani. Alisema yako mambo matatu ya kujiuliza kabla ya kuchagua: Je, nguo inanyumbuka? Je, darizi ni nzito au nyepesi? Je, upande wa nyuma utaonekana? Ukijibu hayo, egemeo limekwisha kujichagua.

La kwanza ni egemeo la kukatwa. Hili hukaa nyuma ya nembo siku zote. Ukimaliza unalipunguza kwa mkasi, ukiacha ukingo mwembamba kama upana wa kidole kidogo. Ndilo la sweta, fulana, na kila nguo inyumbukayo, kwa sababu nguo hiyo itavutwa kila siku ya uhai wake, si siku ya kudarizi tu. Ukiliondoa, umeondoa fito nyumba ikingali inakaliwa.

Likikosekana dukani, kipande cha merikani chaweza kufanya kazi hiyo. Ile ile merikani ya wapagazi! Lakini sharti kwanza ukiloweke, ukianike, ukipige pasi, kwa maana pamba mpya hurudi ikiguswa na maji. Egemeo likirudi baada ya kushonwa, litaikunja nembo kutoka nyuma, nawe utalaumu uzi bure.

La pili ni egemeo la kuchanwa. Hili ni kama karatasi nene. Ukimaliza unalichana likatoka. Linafaa nguo isiyonyumbuka, kama drili, shuka, kitambaa cha meza au cha makochi. Unapolichana, weka kidole gumba juu ya mishono uishikilie, uvute karatasi taratibu kuelekea pembeni. Usivute kama mtu anayechuna mbuzi. Karatasi ya kaki yaweza kusaidia katika kazi nyepesi, ila hufanya sindano kuwa butu upesi. Gazeti lenye wino usitumie kamwe. Gazeti ni la kusoma.

La tatu ni egemeo la kuyeyuka. Liko kama plastiki nyembamba, au kama kitambaa laini cheupe. Ukimaliza kudarizi unaliweka katika maji, nalo linatoweka. Ndilo la nguo nyepesi zinazopitisha mwanga, kama shela na wavu, na la kila kazi ambayo nyuma yake hutazamwa. Pia huwekwa juu ya taulo au mahameli, ili mishono isizame katika manyoya ya nguo. Hata sweta nene hupata faida likiwekwa juu, na lile la kukatwa likiwa chini.

Hapo bibi alininyoshea kidole. "Ninyi watu wa ukungu mjihadhari na hili. Likikaa mahali penye unyevu, hulegea na kunata kabla ya kazi. Liweke katika mkebe uliofungwa. Na vipande vidogo usitupe. Viyeyushe katika maji kidogo, upake nguo nyepesi, uianike. Itasimama kama iliyotiwa wanga."

La nne halinunuliwi. Ni wanga wa muhogo. Unakuna muhogo, unakamua, unaacha maji yatulie, unachukua ule weupe uliokaa chini na kuupika uwe uji mwepesi. Unachovya kitambaa cha pamba, unaanika, unapiga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kitambaa kinakuwa kigumu, nacho chafaa kwa darizi nyepesi ya maua na herufi. Lakini ukimaliza fua wanga wote utoke, maana mende na wadudu wengine huupenda, nao hawatofautishi wanga na nguo.

PASI NA FREMU

Kuhusu gamu ya pasi, bibi alitoa onyo. Jaribu kwanza katika kipande kidogo. Kandamiza pasi, hesabu mpaka kumi, inua, sogeza. Usiiburute, maana ukiiburuta gamu na nguo huachana njia. Pasi ya mkaa haina kipimo cha moto, kwa hiyo uijaribu kwenye kitambaa kikuukuu. Na sweta nyingi za shule si za manyoya ya kondoo bali ni za nyuzi za kiwandani, ambazo pasi ya moto huzilegeza zikakosa umbo. Kwa sweta, afadhali usitumie gundi ya moto. Kata egemeo liwe kubwa kuliko fremu, ulishikize kwa bandi kwa mkono, ndipo uanze.

Fremu ya kudarizia ni pete mbili za mbao, moja ndani ya nyingine. Kwa cherehani, pete ya nje hukaa chini, unaweka egemeo na nguo juu yake pamoja, kisha unasukumiza pete ya ndani, ili nguo ilale chini kabisa na kugusa bamba la cherehani. Egemeo na nguo vyote viwili lazima vikamatwe na fremu. Fundi mvivu huweka egemeo chini likilegea, halafu hushangaa. Kaza mpaka ukigonga kwa kidole lisikike kama ngoma. Lakini unapokaza vuta egemeo, usiivute sweta. Sweta iliyonyoshwa katika fremu itarudi kwake utakapoifungua, na nembo itakunjamana palepale.

Baada ya hapo huondolewa kile kiguu kinachokandamiza nguo, na meno ya cherehani hushushwa au hufunikwa, ili mkono wa fundi ndio uongoze fremu. Anza kushona kutoka katikati kwenda nje, na sehemu nzito usizimalize kwa mara moja. Sindano ya sweta iwe yenye ncha ya mviringo kidogo, ipite kati ya nyuzi bila kuzikata.

"Na jambo la mwisho ndilo la kwanza," akasema. "Fanya moja, uifue, uianike, uitazame. Ndipo ufanye 39."

Nilimwuliza alijifunza wapi hayo yote. Alisema marehemu mume wake alikuwa mshona kofia. Wewe umeziona zile kofia za mkono za Zanzibar na Lamu, zenye vitundu vidogo na maua. Kitambaa chake huwa cha tabaka mbili, moja ikiegemea nyingine, ndiyo maana kofia husimama kichwani. "Nilitazama mikono yake miaka mingi," akasema, "nikaona kuwa uzuri wa juu unabebwa na kitu cha chini."

MAMBO NILIYOSOMA BAADAYE

Niliporudi nilitafuta habari zaidi, kwa kuwa aliyesomea ualimu haachi kuuliza. Niliona kuwa shida hii si ya Mikese peke yake. Mwaka 1828 Josua Heilmann wa Mulhouse alitengeneza mashine ya kudarizi yenye sindano nyingi. Katika miaka ya 1880 wenye viwanda vya St. Gallen, nchi ya Uswisi, walikuwa wakidarizi kwa uzi wa pamba juu ya kitambaa cha hariri, kisha wakaiondoa hariri kwa dawa kali, ikabaki lesi tupu. Lilikuwa ndilo egemeo la kuyeyuka, ila la gharama kubwa na lenye kuunguza mikono. Na kile kitambaa kisichofumwa, ambacho nyuzi zake hubandikwa pamoja bila mtande, kilianza kuuzwa na kampuni ya Freudenberg ya Ujerumani mwaka 1948. Leo katika miji yetu ziko mashine za kompyuta zinazodarizi nembo kwa dakika chache. Nazo pia bila egemeo hukunja nguo, tena haraka zaidi.

KURUDI MLIMANI

Bibi hakukubali fedha. Alikubali mfuko wa ndizi niliokuwa nimeuchukua kutoka kwetu, akanipa shauri la kuziponya zile sweta. Nembo za zamani zifumuliwe kutoka nyuma kwa wembe, kukata uzi wa chini polepole. Sweta ifukizwe kwa mvuke wa pasi, bila kuikandamiza, mpaka vitanzi virudi mahali pake. Nembo mpya isidariziwe juu ya sweta, kwa maana mahali pale pamekwisha kuchoka. Idariziwe juu ya drili iliyoshikishwa gamu nyuma, ikatwe, ikingwe ukingo wake kwa mishono ya karibu karibu, kisha ishonwe kwenye sweta kama kiraka, na kipande cha kitambaa laini kiwekwe ndani.

Jumapili iliyofuata palikuwa na mkutano wa wazazi. Niliomba nafasi ya kwanza. Nilichukua ile karatasi ya makadirio yenye mstari mwekundu, nikawapa waipitishe mkono kwa mkono. Nikasema, "Fundi aliomba mita 3 za kitambaa, shilingi 7,500. Mimi nikafuta. Sweta za shilingi 400,000 zimeharibika kwa sababu ya shilingi 7,500, na anayeitwa mjinga siye aliyekosa."

Palikuwa kimya. Mzee mmoja akauliza kwa nini sikusema mapema. Sikuwa na jibu zuri, nikasema kweli: niliona haya. Akatikisa kichwa, akaipitisha karatasi kwa jirani yake.

Nililipa drili, gamu na uzi, shilingi 28,000, na ujira wa binti kwa mara ya pili, shilingi 60,000, katika awamu tatu kutoka mshahara wangu. Tulianza na nembo moja. Ilifuliwa, ikaanikwa, ikatazamwa na wazazi wanne waliochaguliwa. Ilikaa imara, mlima ukiwa mlima na jua likiwa jua. Ndipo zikafuata 39.

Sitakudanganya kwamba yote yalirudi kama yalivyokuwa. Yule mama wa mashuka ya arusi alikuwa amekwisha kuyapeleka mjini, na arusi ikapita. Jina la fundi huchafuka kwa siku moja na husafishwa kwa mwaka. Lakini cherehani haikuuzwa. Mwezi uliopita binti ameletewa vitambaa vya makochi vya nyumba mbili, na fulana za kwaya 16.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, ukipeleka nguo kwa fundi, naye akakuandikia kitu ambacho hakitaonekana, mwulize kazi yake, usiulize kama kitaonekana. Na ukipita Mikese kwa basi, tazama upande wa mwembe. Huenda utamwona bibi mmoja na mkebe wake wa biskuti.

Juzi binti aliniletea makadirio ya zile fulana. Mstari wa kwanza kabisa, kabla ya uzi na sindano, ulisema: egemeo la kukatwa, mita 2. Nikatia sahihi.